Mlango wa Masomo ya Uganga

Kila mwaka, Mtihani wa Serikali ukiisha, vijana wengi wa parokia zetu husema: nataka kusomea uganga. Wazazi hufurahi, pengine kuliko kijana mwenyewe. Basi yafaa tujue wazee wetu waliupitaje mlango huo.

Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain, katika Ubelgiji, kilianzisha kazi ya uganga pale Kisantu, Kongo ya Chini. Ndiyo ile Fomulac, jina wanalolijua vema watu wa Kivu kwa ajili ya hospitali ya Katana. Vijana walifundishwa uuguzi, na toka miaka ya 1930 wengine wakafundishwa kuwa wasaidizi wa waganga. Huko Astrida, katika Rwanda, Mabruda wa Upendo walikuwa na shule ya namna hiyo. Asistenti hao walitunza wagonjwa wengi mno, lakini cheo cha udaktari hawakupewa. Si akili iliyopungua. Mlango ulikuwa haujafunguliwa.

Ulifunguliwa mwaka 1954, Lovanium ilipoanza kufundisha juu ya kilima karibu na Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Hapo twapenda kukaa kidogo. Shule za sekondari zenye madarasa yote zilikuwa chache. Kijana aliyetoka seminari ndogo alijua Kilatini, lakini pengine hesabu na fizika hazikumtosha. Aliyetoka shule nyingine alikosa hili au lile. Kuwarudisha nyumbani kungalikuwa rahisi. Lovanium iliweka mwaka mzima wa maandalio kabla ya masomo yenyewe, na mwaka huo ndio uliokuwa mtihani wa kweli. Sisi twaona ilikuwa busara kuliko kumpima mtu asubuhi moja tu, kwani asubuhi ile pengine ana malaria, au hakulala kwa hofu.

Hata hivyo walikuwa wamechelewa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo haikuwa na daktari hata mmoja mwana wa nchi. Mwaka ule ule waganga wengi wa Kibelgiji wakaondoka kwa sababu ya fujo. Ndipo Shirika la Afya la Ulimwengu likawapeleka asistenti wetu Ufaransa kumaliza masomo. Watu wazima, wenye watoto na miaka mingi ya kazi, wakaketi tena kwenye benchi la shule, wakarudi madaktari.

Mtihani wa Serikali ulianza mwaka 1967. Una insha, una Kifaransa cha kusema, na vyuo vingine huongeza mtihani wao wenyewe mlangoni. Kwa hiyo kijana asingoje mwaka wa mwisho. Kemia na biolojia haziingii kichwani kwa majuma mawili. Amweleze mdogo wake somo kwa sauti. Pale anapokwama ndipo asipojua. Na akiulizwa na wakubwa wa chuo kwa nini anataka uganga, asijifanye mtakatifu, wala asitoe maneno aliyokariri. Aseme aliyoyaona kwa macho yake.

Asiyeona kitu bado, likizo hii aende kwenye dispensari ya masista akaombe kazi ya kufagia na kuchota maji. Huko atawaona wagonjwa kila asubuhi, na atajua kama moyo wake unavumilia damu.