Kanisa Lililokwenda Tununguo kwa Miguu

Treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, Ngerengere ilipata stesheni mpya. Ukiiacha reli na kuelekea kusini, upande wa mto Ruvu, utafika Tununguo. Hapo ndipo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni mwaka 1884, wakati ambapo mtu wa Pwani hakufika huko ila kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani au begani.

Misheni hiyo haikuzuka peke yake porini. Ilikuwa kituo kimoja katika mlolongo ulioanzia Bagamoyo, ambako Padre Antoine Horner na wenzake walijenga makao mwaka 1868. Wakaja Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, kisha Tununguo. Matombo, kwenye milima ya Uluguru, ilifuata mwaka 1897.

Ili kuelewa walichokuwa wakifanya, inafaa kwanza kutazama Ribe, nyuma ya Mombasa. Huko Wamethodisti walianza kazi mwaka 1862, mmisionari Krapf akiwa na kijana Thomas Wakefield, na walikuja na nyumba ya chuma iliyotengenezwa Uingereza. Vipande vilishushwa melini, vikabebwa hadi kilimani, vikaunganishwa. Jua la Pwani na nyumba ya chuma: msomaji aliyewahi kulala chini ya bati mwezi Februari hahitaji maelezo.

Mapadre wa Bagamoyo walishika njia nyingine. Badala ya kuagiza nyumba, walifundisha wajenzi. Wanafunzi wao wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka utumwani, na katika karakana za misheni mabruda waliwafundisha useremala, uhunzi na uashi. Kanisa lililoanzwa mwaka 1872 likawa shule yao. Mnara wake ndio uliounganishwa na jina la mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, kwa kuwa maiti yake ililazwa hapo usiku mmoja wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja.

Vijana hao walipooana, baadhi ya familia zilitumwa bara kuanzisha vijiji vya Wakristo kandokando ya vituo vipya. Padre alikuja na misale yake. Hao walikuja na ufundi mikononi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, historia ya ujenzi wa makanisa ya bara inawahusu wao kabla ya maaskofu, ingawa vitabu vingi huanza na maaskofu.

Tatizo ni kwamba ufundi wa Pwani ulitegemea vitu vya Pwani. Ukuta wa Bagamoyo ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake hutokana na matumbawe hayo hayo yakichomwa tanurini. Ukiupita Ruvu, bahari umeiacha nyuma. Kilichopo ni udongo, mawe ya mtoni, fito na nyasi. Fundi aliyezoea kuchimba jiwe jepesi la matumbawe na kulichonga alilazimika kujifunza upya: kufyatua tofali, kulianika, kupanga tanuru, kukadiria kuni. Na mvua za Uluguru si za kufanyia mzaha. Ukuta wa udongo usiofunikwa na paa lenye mwinuko na upenu mpana huyeyuka kama sukari.

Siasa na vita navyo vilipita juu ya kuta za misheni. Watawa Wabenediktini wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, walivamiwa na kituo chao kuharibiwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro mwezi Agosti, kisha mapigano yakasogea kusini kupitia Uluguru hadi Kisaki.

Lakini kilichogeuza ujenzi kuliko vita ni reli. Wajerumani walianza kuitandaza kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro, ikipitia Ngerengere. Kuanzia hapo mabati, misumari na saruji viliweza kushushwa stesheni. Nyasi zikaanza kutoa nafasi kwa bati. Wana wa mafundi wa Bagamoyo, waliojua kujenga kwa kilichopo chini ya miguu yao, wakawa wanangoja behewa. Na paa la kanisa la bara likaanza kutoka melini, kama ile nyumba ya Ribe.