Watoto wa Lutindi na Swali Lililobaki

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa haukukoma. Biashara ilijificha, na mtoto, aliye rahisi kuchukuliwa na asiyeweza kujitetea, alibaki hatarini kuliko wote. Serikali ya Kijerumani nayo haikuufuta: amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa wa nyumbani waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 tu. Tanganyika iliupiga marufuku utumwa mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Katika pengo hilo Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani walifungua makao huko Lutindi, Usambara, mwaka 1896, kwa ajili ya watoto waliokombolewa. Ilikuwa kazi njema. Hata hivyo yatupasa kuuliza: mtoto aliyetolewa mkononi mwa bwana mmoja alikabidhiwa kwa nani, na nani alimwuliza yeye mwenyewe?

Swali hilo ni letu pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Lakini wasichana wadogo huletwa mijini kwa jina la undugu. Mchungaji amkutaye mtoto wa namna hiyo hana budi kujua ameletwa na nani, kama anasoma, na ujira wake hupokelewa na nani. Asimhoji mbele ya mwenye nyumba. Akiona hatari, amwarifu afisa ustawi wa jamii, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa.