Kakapel: Duara Ndani ya Duara

Simama kivulini mwa jabali, uyape macho muda wa kuzoea. Hapa Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, si mbali na foleni za malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, duara nyekundu na nyeupe zimechorwa moja ndani ya nyingine. Huhusishwa na Watwa, wawindaji waliotangulia wafugaji. Ng'ombe walichorwa baadaye. Ukivuka mpaka, utakuta duara za aina hii Nyero, Uganda.

Mwaka 1913, mjini Munich, Wassily Kandinsky, mchoraji wa ekspreshonizimu, alipanga duara kama hizi, moja ndani ya nyingine, ndani ya miraba akitafiti hisia za rangi. Kwake lilikuwa jaribio; mwambani lilikuwa jambo la kale mno.

Tafadhali usiguse michoro: jasho la vidole huila rangi.