Mkonge wa Kwanza

Mgeni akipewa jina la mwenyeji, haichukui muda mwenyeji akasahauliwa. Ndivyo ulivyopatwa mkonge. Likitajwa leo neno hili, msikiaji huona mashamba ya Tanga na Morogoro, mistari iliyonyoka, na singa nyeupe zilizoanikwa juani. Lakini mkonge huo asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Katika hiyo michache yalitoka mashamba yaliyoitawala biashara ya Tanganyika.

Neno halikuja na miche hiyo. Lilikuwa la mmea wa kienyeji, ambao wataalamu waliuita Sansevieria, na ambao siku hizi wengi wao huutia katika jenasi ya Dracaena. Makao yake ni nchi kavu kama Idodi, chini ya uwanda wa Iringa, kwenye njia iendayo Ruaha, ambako mvua ni ya miezi michache na jua ni la mwaka mzima. Mmea huu hufumba vitundu vya majani yake mchana na kuvifumbua usiku, ukavuta hewa bila ya kupoteza maji mengi. Jani lake nene ni mtungi wake. Shina lake hutambaa chini ya udongo, likichipua hapa na pale, hata ardhi yote chini ya mti ikafunikwa. Maua yake meupe hufunguka jioni, yakanukia.

Kuupanda si kazi ngumu. Jani hukatwa vipande, vikaachwa siku chache hata jeraha likauke, kisha vikachomekwa penye udongo usiotuamisha maji. Adui yake mkubwa si kiu bali ni maji mengi, yaozeshayo mizizi.

Kabla ya shamba la kwanza la Pangani, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakisokota kwa nyuzi zake kamba, mitego na upote wa uta. Mbona basi ulishindwa? Hukua polepole, nao hutawanyika upendavyo. Mkonge wa Mexico hukubali mistari, na mche mmoja huweza kutoa majani zaidi ya 200 maishani mwake. Tajiri mwenye mashine alihitaji mmea wa namna hiyo. Alihitaji na watu pia, na Nyanda za Juu Kusini, hasa Njombe, zikatoa vijana wengi kwenda kuwa manamba, wakikata mmea mgeni ulioitwa kwa jina la kale.

Historia iandikwayo kwa hesabu za bandari hukumbuka kilichopimwa kwa tani. Kamba iliyofunga mzigo wa kuni haikupimwa, na mmea ulioitoa haukuandikwa. Hata hivyo mashamba makubwa yalitikiswa na nyuzi za viwandani, na mwaka 1967 mengi yakataifishwa, hali mkonge wa kwanza ungali porini ukishika udongo, na tembo wakiutafuna kwa maji yake na kuzitema nyuzi. Basi mwanafunzi akutanapo na neno “mkonge” katika maandishi ya kale, yampasa kwanza aulize ni mkonge upi.