Kwenye Msafara wa Mamba na Kenge Wamo

Kuna msemo ambao ukikaa Mukendo nusu siku tu, lazima utausikia: kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Tunawapiga nao wanasiasa, mashabiki wa mpira, na wale jamaa wanaoingia harusini bila kadi. Maana yake inajulikana. Wakubwa wakipita, wapo wadogo watakaojichomeka humo humo ili nao waonekane wakubwa. Ila sidhani kama wengi wetu tumewahi kujiuliza kenge anamfuata mamba kutafuta nini hasa. Jibu lipo. Mtaalamu mmoja Mwingereza aliliandika mwaka 1969, na alilipata kwa kuwatazama watalii waliokuwa ndani ya boti. Kumfikia inabidi tuzunguke ziwa kidogo.

Tuanze na jambo ambalo watu wa Musoma hawahitaji kuelezwa. Kwa aliyekulia ufukweni, mamba si kivutio. Mamba ni sababu ya mama kukukataza kuoga jioni. Ni sababu ya watu kuteka maji wakiwa wawili wawili, mmoja akiinama na mwingine akiangalia. Anayetaka kuelewa jinsi watu wa upande huu walivyoishi na ziwa kabla ya wageni asome riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo tu ya Bunda. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake mwenyewe kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mnyama, mti na maji vina jina na vina kazi. Humo hakuna mtu anayesimama kando ya ziwa kulitazama kama picha ukutani.

Kulitazama kama picha kulikuja na meli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikaunganishwa pale pale gatini. Ilitangulia William Mackinnon, wakafuata Winifred na Sybil, na mwaka 1907 ikaanza kazi Clement Hill. Meli hizi zilibeba pamba, ngozi na maofisa, lakini zilibeba pia aina mpya ya binadamu: msafiri asiye na biashara wala kazi ziwani, aliyelipa nauli ili aone. Upande wetu wakati huo ulikuwa wa Mjerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 Sybil iligonga mwamba ikakwama Majita, hapa hapa Musoma Vijijini. Ziwa letu lina mawe mengi kuliko linavyoonekana kwenye ramani.

Mmoja wa wasafiri hao wa mwanzo alikuwa Winston Churchill, kijana wa miaka 32, naibu waziri wa makoloni. Mwaka 1907 alivuka ziwa kwa Clement Hill kutoka Kisumu hadi Entebbe, akaendelea kaskazini mpaka mto Nile, kwenye maporomoko ya Murchison. Safari hiyo akaiandikia kitabu, My African Journey, kilichotoka 1908. Humo anakiri waziwazi kwamba anawachukia mamba na anatamani kuwaua. Anasimulia jinsi alivyomlenga mmoja aliyekuwa akiota jua, akafyatua, na papo hapo ukingo mzima wa mto ukainuka: mamba kwa mamia wakatimkia majini kwa risasi moja tu. Ukurasa ule unavutia kuusoma, tuseme ukweli. Lakini angalia msomaji amewekwa wapi. Amewekwa upande wa bunduki, na ukingo wa mto umekuwa jukwaa la maonyesho. Mtu anayeteka maji hapo kila asubuhi hayumo kabisa kwenye picha.

Miaka arobaini baadaye bunduki zilirudi kwa hesabu nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ngozi ya mamba ilipanda bei Ulaya kwa ajili ya mikoba na viatu. Wawindaji wakawa wanaingia ziwani usiku na tochi, kwa sababu jicho la mamba likimulikwa linang'aa jekundu kama kaa la moto, na mwenye jicho hilo hana pa kujificha. Serikali za kikoloni hazikulalamika, maana mamba alihesabiwa kuwa mharibifu, mla samaki na mla watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 sehemu kubwa za Ziwa Victoria zilikuwa zimeshakaushwa mamba. Bibi aliyekuwa akiteka maji bila shaka alipumua. Hilo nalo tuliweke kwenye mizani, tusijifanye kwamba kila aliyefurahi mamba kupungua alikuwa adui wa mazingira.

Ndipo anapoingia yule mtaalamu. Hugh Cott alikuwa mwanazuolojia wa Cambridge, mtu aliyejulikana kwa kitabu kinene cha mwaka 1940 kuhusu jinsi wanyama wanavyojificha kwa rangi zao. Alikuja Uganda kuwachunguza mamba, na mwaka 1961 akachapisha utafiti mkubwa ambao mpaka leo wanaosoma mamba wa Nile wanaurejea. Mahali ambapo mamba walikuwa bado wengi ni pale pale alipofyatua risasi Churchill, chini ya maporomoko ya Murchison, ambako mwaka 1952 palikuwa pametangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kutoka Paraa boti za watalii zilipanda mto hadi karibu na maporomoko. Safari hiyo ikawa maarufu Afrika Mashariki nzima. Bunduki ilikuwa imeshapigwa marufuku. Mgeni alikuja na kamera tu, na kila mtu aliamini kwamba sasa mamba amepata amani.

Cott akaona kitu kingine, akakiandika mwaka 1969 kwenye makala kuhusu watalii na mamba wa Uganda. Ili kuelewa alichokiona ni lazima ujue tabia ya mamba jike. Anachimba shimo mchangani, anataga mayai yake, mara nyingi kati ya 25 na 80, anayafukia, kisha anakaa hapo hapo juu yake au pembeni yake kwa karibu miezi mitatu. Kula hali, au hula kidogo sana. Vifaranga wakikaribia kutoka huanza kulia ndani ya mayai, naye huwafukua na kuwabeba mdomoni mpaka majini. Mnyama ambaye sisi tunamfanya mfano wa ukatili ni mama ambaye kuku wetu wa nyumbani hamfikii kwa uvumilivu.

Sasa boti inakuja. Nahodha anataka abiria wafurahi, kwa hiyo anasogea karibu na ukingo. Injini inanguruma, watu wanainuka na kamera, na mama mamba anafanya kilekile kilichofanywa na wenzake mwaka 1907: anatimkia majini. Abiria wanashangilia, maana ndicho walichokuja kukiona. Boti inaondoka. Na pale kwenye kichaka, kenge alikuwa anasubiri. Anatoka, anafukua, anakula mayai. Nyani naye anashuka kuchukua fungu lake. Kesho boti itarudi, na kenge atakuwa mahali pake.

Hiyo ndiyo siri ya msafara wa mamba na kenge. Kenge hamfuati mamba ili afanane naye. Anangoja mamba aondoke kwenye kiota. Waliotunga msemo wetu waliwaona wanyama hawa pamoja wakajua si kwa bahati, na wala hawakuhitaji Cambridge kuwathibitishia. Alichoongeza Cott ni boti. Alionyesha kwamba mtu asiye na bunduki, mwenye nia njema na tiketi halali, anaweza kumfanyia mamba kilichomshinda hata mwindaji wa usiku: kumaliza kizazi kijacho bila kuua hata mmoja.

Wakati huo huo, upande wetu wa ziwa ulikuwa na fikra nyingine: kumtazama mnyama kisiwani. Mwaka 1964 serikali ilianzisha bustani ya wanyama kwenye kisiwa cha Saanane, pua na mdomo na Mwanza, kikabaki na jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale. Mwaka unaofuata Rubondo ikawa pori la akiba, wakazi wakahamishwa, na mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Sokwe waliopandikizwa Rubondo kati ya 1966 na 1969 wakitokea Ulaya ndio wenye sifa magazetini, lakini mamba na kenge wa pale hawakuletwa na mtu. Walikuwepo. Saanane ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndogo kuliko zote nchini, na mgeni akishuka botini wa kwanza kumpokea ni mjusi wa mawe, kichwa chekundu na mkia wa buluu, anapiga pushapu juu ya jiwe kama mwanajeshi.

Ukitaka kuona biashara hii ikiwa imekomaa, nenda pwani. Meli kubwa ya kitalii ikitia nanga Unguja, abiria wana saa chache tu, na moja ya safari wanazouziwa ni Changuu, kisiwa ambacho wageni wanakiita cha gereza ingawa gereza lililojengwa pale miaka ya 1890 halikuwahi kufungwa wahalifu, likatumika kama karantini. Wanachokwenda kuona ni kobe wakubwa. Kobe hao si wa Unguja. Wa kwanza walikuwa wanne, zawadi ya gavana wa Ushelisheli mwaka 1919, na asili yao ni Aldabra, kisiwa cha mbali kabisa ambacho kina kobe kama laki moja wanaojitembelea wenyewe. Waliozaliwa Changuu walifika kama 200 mwaka 1955. Kufikia 1996 wizi ulikuwa umewaacha saba. Saba! Mnyama anayeweza kuishi zaidi ya miaka mia, mzito kuliko wanaume wawili, anaibwa mchana kweupe kwa sababu thamani yake imeshatangazwa kwa kila anayeshuka gatini. Leo wanalindwa ndani ya uzio na idadi imepanda tena. Hapo pia palikuwa na msafara, na kenge wake walikuwa watu.

Aldabra yenyewe ilinusurika kwa sababu nyingine. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius kuomba kobe wale walindwe, na miaka ya 1960 wanasayansi walipinga mpango wa Uingereza wa kujenga uwanja wa ndege za kijeshi pale, mpango ukafa mwaka 1967. Lakini kilichomlinda kobe wa Aldabra zaidi ya barua zote ni umbali na ukosefu wa maji matamu. Huwezi kwenda pale kwa matembezi ya mchana ukarudi jioni.

Turudi Musoma, ambako hili si jambo la vitabuni tu. Tangu 1961 MV Victoria ilikuwa ikizunguka ziwa na kutia nanga kwetu, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mzunguko ule ukavunjika nayo. Watalii wanaofika mkoa wa Mara siku hizi wanakuja kwa barabara na ndege, wanawaona mamba wa Grumeti na wa mto Mara wakikamata nyumbu, kisha wanaondoka bila kuliona ziwa. Watu wa mipango wanasema tuwavute waje ziwani, wapande boti, waende visiwani. Sina ugomvi na hilo. Vijana wa Mwigobero wanajua kuendesha boti kuliko mtu yeyote, na wanahitaji kazi.

Ila mamba amerudi, maana tangu miaka ya 1970 biashara ya ngozi imebanwa na sheria za kimataifa. Amerudi kwenye mialo ambako watu bado wanateka maji kwa ndoo. Akimchukua mtu, kanuni za mwaka 2011 zinatoa kitu kinachoitwa kifuta machozi, na akiharibu mali mnyama mwingine kama tembo kuna kifuta jasho. Majina haya yamechaguliwa kwa uangalifu: si fidia. Kwa hiyo mgeni atalipa kumtazama mamba, na mwanakijiji atafutwa machozi kwa kuishi naye, na fedha hizo mbili hazipiti mfuko mmoja.

Kama boti hizo zitakuja, historia imeshatuonyesha cha kudai. Ukingo wenye viota usisogelewe miezi ya kutaga, hata abiria wakinuna. Na sehemu ya nauli ijenge bomba la maji au uzio wa kutekea kwenye mwalo ule ule ambao mgeni amepiga picha, kabla ya kujenga kitu kingine chochote. Hivyo viwili vikikosekana tutakuwa tumepata maonyesho ya Churchill bila bunduki, na ukiuliza mayai yameenda wapi na nauli imeenda wapi, jibu litakuwa moja.

Wakati mwingine ukimrushia mtu msemo huu kijiweni, kumbuka basi anayesemwa ni nani. Mamba yuko majini, ameshatimuliwa. Aliyebaki kwenye kiota ndiye wa kumtazama.