Fisk Jubilee Singers: Kwaya Iliyookoa Chuo

Kila tarehe 6 Oktoba, Chuo Kikuu cha Fisk cha Nashville, Marekani, huadhimisha siku ambayo wanafunzi wake waimbaji tisa, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walifunga safari kwenda Ohio kutafuta fedha. Ilikuwa mwaka 1871. Shule yao, iliyofunguliwa 1866 katika majengo ya hospitali ya zamani ya jeshi, ilikuwa hoi kwa madeni.

Aliyewaongoza ni George White, mtunza hazina wa shule aliyekuwa pia akifundisha kuimba. Alikuwa Mzungu, mtoto wa mhunzi, askari wa zamani asiyesomea muziki popote. Shirika la wamisionari lililoendesha shule halikuunga mkono safari hiyo. Aliondoka hivyohivyo, na vijisenti vilivyobaki kwenye hazina.

Mwanzoni White aliwafundisha muziki wa Kizungu uliopendwa wakati ule. Nyimbo za watumwa alizisikia wakiimbiana wenyewe faraghani. Hawakutaka kuziimba hadharani: zilikuwa nyimbo za ibada za wazazi wao, na ziliamsha mambo ambayo wengi walitamani kuyasahau. Walipokubali kumfundisha mwalimu wao, mazoezi yalifanyika milango imefungwa. Naye alichowadai ni ulaini wa sauti. Mdomo ufunguke kiasi cha kidole kupita kati ya meno, na asisikike mmoja juu ya wenzake. Aliyewahi kufundisha kwaya ya shule anajua ugumu wake: kupaza sauti vijana hawahitaji kufundishwa, kuimba chinichini bila kushuka toni, hapo ndipo penye kazi.

Wiki za kwanza zilikuwa za dhiki, na fedha kidogo walizopata Ohio wakawachangia waathirika wa moto mkubwa wa Chicago. Mambo yaligeuka Novemba, huko Oberlin, walipoimba wimbo wa kiroho kwa sauti ya chini mbele ya mkutano wa makanisa, na ukumbi mzima ukanyamaza. White akawapa jina la Jubilee Singers, kutokana na mwaka wa yubile katika Mambo ya Walawi. Machi 1872 waliimba Ikulu mbele ya Rais Grant. 1873 mbele ya Malkia Victoria. Fedha zao zilijenga Jubilee Hall, iliyofunguliwa 1876 na inayosimama hadi leo.

Vitabu humsifu sana White. Kwa maoni yangu, Ella Sheppard anastahili zaidi ya anachopewa. Alizaliwa utumwani mwaka 1851, baba yake akamkomboa kwa fedha. Alipokuwa msichana huko Cincinnati, mwalimu wake wa muziki alimpokea kwa sharti kwamba aingie kwa mlango wa nyuma, tena usiku. Katika kundi ndiye aliyepiga piano, akaandika nyimbo kwa nota na kusimamia mazoezi, hasa White alipougua.

Ziara hizo ziliwachosha mno. Mke wa White alifariki Scotland mwaka 1874, afya za waimbaji zikadhoofika, na 1878 kundi likavunjika huko Ujerumani. White alilifufua mwaka uliofuata, lakini si tena kwa jina la chuo. Kwaya ilirudi kuwa ya chuo mwishoni mwa karne ile mikononi mwa John Wesley Work, na mwaka 1909 waimbaji wake wanne walirekodi santuri.

Mwaka 1994 uongozi ulimwangukia Paul Kwami, mzaliwa wa Ghana aliyewahi kuimba katika kundi hilo akiwa mwanafunzi. Aliliongoza hadi alipofariki 2022, mwaka mmoja baada ya kundi kushinda tuzo ya Grammy. Jukwaani waimbaji huimba bila ala na bila mwongozaji mbele yao: hutazamana, huvuta pumzi pamoja, na kuanza. Kazi ya mwalimu inakuwa imekwisha kwenye mazoezi.