Usingizi wa Mchana wa Wazee: Karne Mbili za Jibu la Haraka

Mwaka 1817 tabibu wa London, James Parkinson, alichapisha kijitabu kuhusu watu sita wenye maradhi ya kutetemeka ambayo leo yanaitwa kwa jina lake. Akieleza hatua za mwisho za maradhi hayo, alitaja kwamba mgonjwa hushikwa na usingizi usiokoma. Alitaja tu, akapita. Tangu enzi za Wagiriki matabibu walifundishwa kwamba mwili wa mzee hupoa na kukauka, kwa hiyo kila udhaifu wake ulihesabiwa kuwa haki ya umri. Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Si kwamba usingizi wa mchana wa wazee haukuonekana. Ulionekana sana, ila ulikuwa na jibu tayari, na jambo lenye jibu halichunguzwi. Sababu zake kadhaa kubwa zilitambuliwa kwanza kwa watu wengine, ambao kusinzia kwao kulishangaza. Wazee walifikiwa mwishoni.

Tazama nani walioshangaza. Mwaka 1880 Mfaransa Gélineau aliupa jina la narkolepsia ugonjwa wa mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo, mtu wa miaka 38 aliyezidiwa na usingizi katikati ya shughuli zake. Miaka ishirini baadaye malale yaliifyeka Busoga, kando ya ziwa nchini Uganda, na kuua watu zaidi ya 200,000. Walikufa watu wa rika la kufanya kazi, na dola ya Uingereza ilihitaji wakulima na wapagazi, hivyo tume ya wanasayansi ilitumwa mwaka 1902. Mwaka uliofuata wanasayansi Castellani na Bruce, wakiwa Entebbe, walikwisha kumpata kimelea na mbung'o anayemsambaza. Huo ndio mwendo wa sayansi pale usingizi unapogusa mfuko wa wakubwa. Mzee anayesinzia barazani hakuwahi kutumiwa tume.

Kisa cha pumzi kukatika usingizini kinaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Mwaka 1956 madaktari wa Boston, wakiongozwa na Burwell, walieleza habari za mfanyabiashara mnene aliyelala mezani huku mkononi ana karata za kumpa ushindi. Waliuita ugonjwa wake kwa jina la riwaya ya Dickens yenye kijana mnene anayelala kila mahali, wakaulaumu unene na hewa chafu iliyobaki katika damu. Mwaka 1965 watafiti wa Marseille na wa Freiburg, kila kundi kivyake, walipima pumzi za wagonjwa wa aina hiyo usiku kucha. Waligundua kwamba koo huziba, pumzi hukatika, ubongo huzinduka kidogo ili mtu avute hewa, kisha mambo huanza upya, pengine mamia ya mara kwa usiku mmoja. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, ila asubuhi anaamka amechoka kama ambaye hakulala. Tiba ilikuwa kutoboa koo, hadi mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alipobuni mashine ya kusukuma hewa puani. Muda wote huo picha iliyokaa vichwani ilikuwa ya mwanamume mnene wa makamo. Kisha mwaka 1991 Sonia Ancoli-Israel na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya watu 427 wa San Diego wenye umri wa miaka 65 na zaidi, raia waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Asilimia 24 kati yao pumzi zao zilikatika mara tano au zaidi kwa saa.

Dawa nazo zilipita njia hiyohiyo. Diazepamu iliingia sokoni Marekani mwaka 1963, ikatolewa kwa wazee kwa wingi na kwa moyo mweupe. Mwaka 1975 Ulrich Klotz na wenzake walionyesha kwamba nusu ya dawa hiyo humtoka kijana wa miaka 20 kwa takriban saa 20, lakini kwa mtu wa miaka 80 huchukua kama saa 90. Kidonge cha juzi bado kimo mwilini wakati cha leo kinamezwa. Iweje asisinzie? Dawa za mzio za zamani, kama ile inayojulikana kwa jina la Piriton, nazo huleta usingizi, na zinauzwa dukani bila maswali.

Atatokea wa kusema kwamba umri kweli hubadili usingizi. Ni kweli: usingizi mzito hupungua, na mzee hulala mapema na kuamka mapema. Lakini mwaka 2010 Derk-Jan Dijk na wenzake walitoa matokeo ya watu 110 wenye afya njema waliopewa nafasi ya kulala mchana. Vijana walisinzia baada ya dakika 9 hivi. Wenye miaka 66 hadi 83 walichukua dakika 14. Mzee mzima wa afya ana usingizi mdogo mchana kuliko mjukuu wake. Kwa ushahidi huo, umri peke yake hautoshi kuwa sababu. Wala desturi ya kujinyoosha baada ya adhuhuri, kailula ya Waislamu, haipingani na hoja hii. Huo ni usingizi ambao mtu anauchagua na kuuacha atakapo. Ninaouzungumzia humkamata akiwa na tonge mkononi.

Pingamizi lenye uzito ni la gharama, kwa kuwa maabara za kupima usingizi ni chache katika nchi zetu. Hata hivyo Murray Johns wa Melbourne alitunga mwaka 1991 dodoso la maswali manane tu. Lina kasoro kwa wazee, kwani linauliza habari za kukaa garini kwenye foleni, lakini linaonyesha kwamba uchunguzi huanza kwa kuuliza. Basi mzee wako akizidi kusinzia, mpeleke zahanati pamoja na dawa zake zote, za hospitali na za dukani, na anayelala naye chumba kimoja aende kueleza kama pumzi zake hukatika usiku.